Staltmc: chifu wa Wanuxalk na deni la jina lake

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama na kina baba, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni, hamjambo.

Kabla hatujaenda mbali tukubaliane juu ya neno moja, maana tukiliacha lilivyo litatupoteza njia nzima. Neno lenyewe ni chifu. Mkenya akilisikia anaona sare ya kaki, kofia na fimbo: mwajiriwa wa serikali anayeitisha baraza na kutia mhuri barua za wananchi. Mtanzania anawakumbuka watemi na mangi ambao sheria ya mwaka 1963 iliwafutia madaraka. Mtu wa Mrima labda atamkumbuka jumbe, aliyekipata cheo chake kwa kutoa ada na kuulisha mji. Picha hizo mbili za mwanzo wekeni pembeni. Ya jumbe bakini nayo, itatufaa.

Wanuxalk ni watu wa bonde la mto Bella Coola, pwani ya British Columbia, magharibi mwa Kanada. Msifikirie pwani kama yetu ya mchanga na minazi. Huko bahari inaingia bara kwa mikono myembamba kati ya milima, na kutoka kijiji chao hadi bahari kuu ni kiasi cha kilomita 100 za maji ya chumvi. Mvua ni nyingi, miti ya mwerezi ni minene, na milima ina theluji mwaka mzima. Mtu akitaka kufika kwa gari kutoka Williams Lake anakwenda kama kilomita 450. Lugha yao ni ya jamii ya Kisalishi, imezungukwa na majirani wenye lugha za asili nyingine kabisa, na ina maneno yasiyo na irabu hata moja. Chifu kwa lugha hiyo ni staltmc. Hiyo c ya mwisho itamkeni kama kh laini. Wakiwa wengi ni stataltmc.

Staltmc hateuliwi na serikali, hapigiwi kura, halipwi mshahara. Hana askari wala jela. Zamani hata kijiji kimoja kilikuwa na machifu kadhaa, kila mmoja na ukoo wake, wala hapakuwa na mfalme mmoja wa Wanuxalk wote. Sasa mtu wa namna hii anatawala kwa nini? Jibu liko katika vitu vitatu vinavyoshikana: hadithi, jina, na watu walioona. Kimoja kikikatika, vingine viwili havisimami.

Tuanze na hadithi. Wanuxalk wanaiita smayusta, na naomba msiisikie kama hadithi za paukwa pakawa. Smayusta ni masimulizi ya asili ya ukoo mmoja, yenye mwenyewe, na asiye mwenyewe haruhusiwi kuyasimulia hadharani. Yanaeleza kwamba huko juu kuna nyumba iitwayo Nusmata, na mkuu wake ni Alhkw'ntam. Alhkw'ntam aliwatumia maseremala wanne wawachonge watu wa kwanza. Kisha kila mmoja, au ndugu kwa kundi lao, akachagua vazi la kushukia duniani: vazi la tai, la kunguru, la dubu, la nyangumi. Wakashuka, wakatua juu ya vilele vya milima, kila ukoo na kilele chake. Wakavua mavazi yale, nayo yakapaa yenyewe kurudi Nusmata. Hapo wakateremka bondeni na kujenga nyumba.

Angalieni kilichomo. Mtu wa kwanza hakushuka mikono mitupu. Alikuja na jina, na vifaa vya kuvulia na kuwindia, na ngoma. Na alitua mahali panapojulikana, mlima unaoonekana mpaka leo ukisimama barabarani. Kwa hiyo smayusta moja ni mambo mengi kwa pamoja: ni nasaba, ni hati ya ardhi, ni orodha ya majina ambayo ukoo una haki ya kuyatoa, na ni kibali cha vinyago na nyimbo fulani. Anayeshika jina la yule wa kwanza amekaa mahali pake. Mlima ule ni wake kuutunza, na mto unaoteremka kutoka hapo pia. Tunaposema chifu wa kurithi, anachorithi hasa ndicho hicho. Damu peke yake haitoshi, na hapo ndipo wageni wengi wanapokosea.

Wengi tukisikia kurithi tunafikiria mtoto wa kwanza wa kiume. Kwa Wanuxalk mtu anaweza kurithi upande wa baba au upande wa mama. Kwa hiyo mtoto mmoja huzaliwa na milango kadhaa mbele yake, na wazee wa ukoo ndio wanaoangalia jina gani limwendee nani. Wanawake nao hushika majina makubwa. Jina linaweza kukabidhiwa mwenyewe angali hai, akiona nguvu zinapungua. Zamani baadhi ya koo zilipenda kuoana wenyewe kwa wenyewe, ndugu wa mbali na ndugu wa mbali, na sababu yake ni rahisi: kila ndoa ya nje inafungua mlango wa watu wengine kudai smayusta yenu. Kwa upande mwingine, anayeoa nje anawapa watoto wake majina ya pande mbili. Hesabu hiyo ilifanywa kwa makini sana, na bado inafanywa.

Sasa jina linavalishwaje? Linavalishwa kwenye potlachi. Neno lenyewe si la Kinuxalk. Lilienea pwani nzima kwa lugha ya biashara, na asili yake ni kutoa. Hapa ndipo mzee wa Mrima anayekumbuka ada za ujumbe atakapotikisa kichwa kwa kuelewa, kwa sababu msingi ni uleule: hukipati cheo mpaka uwalishe na kuwatunza watu, na wao waone.

Ukoo unajiandaa mwaka mmoja au zaidi. Zamani walikusanya mablanketi ya sufu ya mbuzi wa milimani, ngozi, masanduku ya mbao, mitumbwi, na mafuta ya samaki ambayo tutayazungumzia baadaye. Wafanyabiashara wa Kizungu walipofika, mablanketi ya dukani yakachukua nafasi. Leo mtakuta taulo, vikombe, mablanketi, vyakula vya makopo na bahasha za fedha. Msiwacheke kwa vikombe. Kinachopimwa ni kama kila aliyeingia ametoka na kitu, na kama mwenye cheo amepewa kwa kadiri ya cheo chake.

Siku ikifika, kazi inaanza na huzuni. Nyimbo za maombolezo zinaimbwa kwanza kwa ajili ya marehemu wa ukoo, kwani huwezi kupandisha jina jipya juu ya kilio ambacho hakijafungwa. Kwa imani yao, mtu akifa roho yake inafuata njia ya babu zake kurudi nyuma, kizazi kwa kizazi, mpaka mahali pale babu wa kwanza alipotua; pale inavaa tena vazi lile la tai au la dubu na kupanda Nusmata. Katika potlachi ya kumbukumbu jambo hili lilionyeshwa kwa macho: mzee aliyekufa anarudi mara ya mwisho kwa sura ya mnyama wake, watu wa nyumba yake wanamwona, halafu anakwenda.

Baada ya kilio machifu wanacheza wamevaa vilemba vyao vya heshima. Kitazameni kimoja kwa karibu. Mbele, juu ya paji la uso, kuna kibao kilichochongwa alama ya ukoo. Kando na nyuma zinaning'inia ngozi nyeupe za kicheche wa theluji, safu juu ya safu, hadi mgongoni. Juu kabisa zimechomekwa sharubu ngumu za simba-bahari, zimesimama kama uzio wa vijiti, na ndani ya uzio huo yamewekwa manyoya laini ya tai, yale mepesi ya kifuani. Chifu anapotikisa kichwa kwa mapigo ya ngoma, manyoya yanapeperuka na kutua juu ya watu wote, marafiki na waliokuja na kinyongo. Manyoya hayo ni amani. Yakishatua, ugomvi ukumbini ni aibu kubwa kwa atakayeuanzisha.

Kisha anasimama alkw. Huyu ni mtu ambaye maelezo mengi juu ya machifu humsahau, na nadhani ni kosa kubwa. Alkw ni msemaji wa chifu na mtunza utaratibu. Chifu hajitangazi, kujisifia mwenyewe ni kujishusha. Alkw ndiye anayesema jina hili limetoka wapi, lilishikwa na nani, sasa linamwendea nani. Anajua wageni wote kwa vyeo vyao na nani aitwe kabla ya nani. Anajua ngoma ipi inafuata. Mwenye jina jipya anasimama, jina linatamkwa kwa sauti, na ukumbi mzima unalisikia.

Hapo ndipo zawadi zinapogawiwa, na sababu yake ieleweke vizuri. Mgeni anayepokea analipwa kwa kazi, nayo ni kuona na kukumbuka. Amekuwa shahidi. Miaka 20 baadaye mtu akijitokeza kudai jina lile, walioitwa siku ile watasimama na kusema: tulikuwepo, tulisikia, tulipokea. Kwa watu waliokuwa bila maandishi, hii ilikuwa ofisi ya usajili, nayo ilifanya kazi vizuri, maana daftari lake lilikuwa vichwa vya mamia ya watu kutoka vijiji mbalimbali. Ukitaka kulighushi itakubidi uwahonge wote.

Mambo huharibika wapi? Huharibika mgeni mwenye cheo anapoitwa baada ya aliye chini yake. Hilo si la kupita hivi hivi, na mwenyeji hulirekebisha palepale kwa maneno na kwa zawadi. Huharibika ukoo unapotoa jina ambalo mtu mwingine hai analishika, kwa sababu kuhama kwa watu kumechanganya kumbukumbu. Huharibika mtu anapocheza ngoma ya smayusta isiyo yake, hata kama ni mchezaji hodari. Na huharibika vitu vinapokwisha kabla ya watu. Jina lililovalishwa kwa zawadi haba litabaki jina, lakini litakuwa jepesi. Wenye nalo watalazimika kulirudia siku nyingine kwa karamu kubwa zaidi.

Nisiache kutaja kwamba zamani kulikuwa na vyama viwili vya sherehe. Sisaok kilikuwa cha watoto na jamaa wa machifu, na ndicho kilichoonyesha alama za koo. Kusiut kilikuwa cha ngoma za majira ya baridi, pamoja na ngoma kubwa ya Radi. Vinyago vingi vya kusiut vilikuwa vikichomwa moto baada ya ngoma kwisha na kuchongwa vipya mwaka uliofuata. Kinyago kiliungua, haki ya kukichonga ikabaki. Jambo hili likumbukeni, tutalihitaji.

Basi huo ndio utawala jinsi ulivyokuwa unajiendesha. Mwezi Julai 1793 msafiri wa Kizungu, Alexander Mackenzie, alipoteremka bondeni akitokea bara, alipokewa na kulishwa samoni na watu wenye machifu wao, nyumba zao za mbao na sheria zao. Alipita kwenye njia ya biashara iliyokuwa imekanyagwa vizazi na vizazi kabla yake.

Mwaka 1862 ndui iliingia kupitia mji wa Victoria. Wenyeji wa kaskazini waliokuwa wamepiga kambi pale walifukuzwa warudi kwao, wakauchukua ugonjwa kwenye mitumbwi hadi kila mlango wa mto. Wanuxalk walikuwa na vijiji vingi: bonde la Bella Coola, Talyu kusini, Kw'alhna upande wa bahari, na kaskazini ile sehemu iitwayo Kimsquit. Vijiji vikafa. Fikirieni maana yake kwa utawala wa namna hii. Mzee mmoja akifa ghafla na warithi wake, zinakwenda smayusta nzima, nyimbo na mipaka ya ardhi. Walionusurika wakajikusanya polepole Q'umk'uts', karibu na mdomo wa mto, na mtu mmoja akajikuta ndiye mrithi wa majina ya watu kadhaa waliokufa. Mwaka 1877 meli ya kivita ya Kiingereza iitwayo Rocket ikakipiga mizinga kijiji cha Kimsquit na kukichoma. Ndiyo maana leo katika kijiji kimoja wapo machifu wa sehemu ambazo hakuna anayeishi. Mgeni huuliza: chifu wa nini, kama hakuna watu? Ni chifu wa mahali. Jina halikuhama, waliohama ni watu.

Halafu ikaja sheria. Bunge la Kanada lilipiga marufuku potlachi kwa marekebisho ya mwaka 1884, yakaanza kutumika Januari 1885. Aliyeshiriki au kuhamasisha alistahili kifungo cha miezi 2 hadi 6. Marufuku hiyo ilidumu mpaka 1951. Wamisionari na maofisa walidai wanazuia ubadhirifu, kwamba watu wanagawa mali mpaka wanabaki maskini. Huenda wengine waliamini hivyo kwa dhati. Lakini mlishaona potlachi ni nini. Walifunga ofisi ya usajili, mahakama na hazina ya watu kwa kalamu moja, kwa miaka 66. Na kuanzia 1927 hadi 1951 sheria ilikataza pia kuchangisha fedha za kufungua kesi ya ardhi. Mtu haruhusiwi kuthibitisha jina lake kwa desturi, wala haruhusiwi kutafuta wakili. Niambieni alibaki na mlango gani.

Walibaki na ujanja na ukaidi. Mtafiti mmoja aliyekaa Bella Coola kati ya 1922 na 1924 alikuta ngoma za majira ya baridi bado zinachezwa, na wazee bado wanajua nani mwenye nini. Naona hilo ni jambo la kuheshimiwa sana kuliko ushujaa mwingi wa vitani.

Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na baraza la kuchaguliwa. Chini ya sheria ya mwaka 1876 ya kuwasimamia wenyeji, pamoja na marekebisho yake, mpango wa kawaida ni huu: chifu mmoja wa kuchaguliwa, diwani mmoja kwa kila watu 100, wasipungue 2 wala wasizidi 12, na kipindi cha miaka miwili. Nchini mwetu neno rizavu wazee wanalijua, sehemu ndogo mliyotengewa ndani ya nchi yenu wenyewe. Mamlaka ya baraza hilo kisheria yanaishia kwenye rizavu. Ardhi yote ya mababu, yaani milima, mito na visiwa vya nje ya mstari ule, haimo. Na Wanuxalk hawajawahi kutia saini mkataba wowote wa kuiachia.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye matatizo ya leo. Baraza linashika nyumba, maji ya bomba, zahanati, bajeti, na mazungumzo ya kila siku na serikali. Stataltmc wanashika ardhi na maji ya mababu, majina, sherehe na mipaka kati ya koo na kati ya mataifa jirani. Watu haohao wamo pande zote: diwani anaweza kuwa mpwa wa chifu, na chifu anaweza kugombea udiwani. Wanaposhauriana, mambo hunyooka. Baraza lina wanasheria na wahasibu, machifu wana haki inayovuka rizavu na kumbukumbu inayovuka miaka miwili. Wasiposhauriana, mlango unabaki wazi kwa mgeni mjanja.

Mgeni mjanja ana mbinu mbili. Ya kwanza ni kupata saini ya baraza na kudai kwamba taifa limekubali, wakati shughuli yenyewe iko kilomita nyingi nje ya rizavu. Ya pili ni kumtafuta chifu mmoja anayekubaliana naye, ampige picha, ilhali jina la chifu huyo ni la bonde jingine. Kwa hiyo yeyote anayetumwa kwenda kuzungumza na watu hawa, awe mtafiti, mwanahabari au mfanyabiashara, aanze na maswali sahihi. Mahali hapa panatajwa katika smayusta ya nani? Nani anashika jina hilo sasa, na alilipata kwenye potlachi ipi, mbele ya mashahidi gani? Ukoo wenyewe umekaa na kukubaliana? Baraza linajua? Akikosa jibu la swali mojawapo, asitie saini kitu. Na aende na muda wa kutosha, kwa kuwa chifu mwema hajibu palepale. Anarudi kuuliza ukoo.

Ugumu huo ulionekana mwaka 1995 huko Ista, kwenye kisiwa cha King. Kwa masimulizi ya Wanuxalk, Ista ndipo aliposhukia mwanamke wa kwanza. Kampuni ya mbao ilikuwa na kibali cha serikali cha kukata miti pale. Stataltmc kadhaa, wakiwa chini ya kundi waliloliita Nyumba ya Smayusta, walikwenda na watu wao pamoja na wanamazingira, wakafunga barabara ya magogo. Watu zaidi ya 20 walikamatwa mwezi Septemba, wakiwemo machifu watatu: Nuximlayc, yaani Lawrence Pootlass; Slicxwliqw', yaani Charlie Nelson; na Qwatsinas, yaani Edward Moody. Mahakamani walihoji mamlaka ya mahakama yenyewe juu ya ardhi ambayo haikuwahi kutolewa. Jamii haikuwa na sauti moja, na wapo waliohitaji ajira za mbao. Hilo tusilifiche. Miaka miwili baadaye, Desemba 1997, Mahakama Kuu ya Kanada ilitoa hukumu katika kesi ya majirani zao wa kaskazini, Wagitxsan na Wawet'suwet'en, kwamba masimulizi ya mdomo yapokelewe kama ushahidi na kupewa uzito wake. Waliokuwa wakicheka hadithi za milima wakaanza kuzisikiliza kwa kalamu mkononi.

Mwaka huohuo wa 1995 lilitokea jambo jingine, dogo kwa umbo na kubwa kwa maana. Kinyago cha Mwangwi kiliuzwa na familia iliyokuwa nacho kwa mfanyabiashara wa sanaa, kikawa mbioni kuvuka mpaka kwenda Marekani. Mwangwi ni kiumbe anayeweza kuiga sauti ya kila kitu, kwa hiyo kinyago chake kina midomo ya kubadilishia: mchezaji anageuka, anatoa mdomo mmoja na kupachika mwingine, akirudi kuwatazama watu ana sauti nyingine. Taifa likaenda mahakamani, likapata zuio, na baadaye kinyago kikabaki kwao. Hoja yao ilikuwa kwamba aliyeuza hakuwa na cha kuuza. Kinyago cha namna hii ni cha jina, na mwenye jina ni mtunzaji tu kwa zamu yake. Sasa kumbukeni vile vinyago vilivyochomwa. Mtu wa soko anauliza: mbona mlikuwa mkivichoma wenyewe, leo mnakilia kimoja? Jibu ni kwamba kukichoma kulikuwa kutumia haki. Kukiuza ni kuitoa haki ile mikononi mwa ukoo na kuitundika ukutani kwa mtu asiyejua hata wimbo wake.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa hili. Vigango vya Wamijikenda, vilivyosimikwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu, viling'olewa kwenye makaya na mashamba vikauzwa mpaka Marekani, na mwaka 2023 jumba la makumbusho la jimbo la Illinois lilirudisha 37. Mwaka huohuo wa 2023, mwezi Februari, nguzo ya Kinuxalk ilirudi nyumbani kutoka jumba la makumbusho la Victoria. Ilichongwa katikati ya karne ya 19 na Louie Snow, ikasimama kama nguzo ya mlango wa nyumba huko Talyu, ikachukuliwa mwaka 1913. Chifu Snuxyaltwa, Deric Snow, ambaye Louie Snow ni baba wa babu yake, aliomba, akaahidiwa, akasubiri, na Januari 2022 akafungua kesi. Ilibidi sehemu ya jengo ifunguliwe ndipo nguzo itoke. Aliyefungua kesi ni mwenye jina, na hilo ndilo lililoipa kesi miguu: nguzo ya mlango ni mlango wa nyumba fulani, na nyumba ile ina mwenyewe aliye hai.

Nimalizie na samaki, maana watu hudhani kazi ya chifu ni vinyago na mahakama tu. Kuna samaki mdogo, urefu wa kiganja na kidole, Wanuxalk wanamwita sputc. Anapanda mto mwishoni mwa majira ya baridi, wakati akiba ya chakula imekwisha, na ana mafuta mengi kupita kiasi. Aliwekwa kwenye masanduku makubwa ya mbao aive kwa kuvunda, kiasi cha siku 7 hadi 10 kutegemea baridi. Akitolewa mapema mafuta hayaachii nyama. Akicheleweshwa yanakuwa makali na meusi. Kisha alichemshwa polepole kwenye maji, bila kukoroga kwa nguvu, mafuta yakapanda juu, yakaenguliwa, yakachujwa, yakapashwa tena. Mafuta hayo yalikuwa zawadi ya heshima kwenye potlachi na bidhaa iliyobebwa hadi bara, kwenye njia ileile aliyopita Mackenzie.

Masika ya 1999 sputc hawakuja. Hawakupungua tu, hawakuja. Stataltmc na wavuvi wao walielekeza kidole kwa meli zilizokuwa zikiwavua kamba wa baharini kwa nyavu za kukokota, zikimzoa sputc pamoja na kamba hao na kumtupa amekufa. Mwaka 2011 kamati ya wanasayansi wa Kanada iliwaweka sputc wa pwani hiyo ya kati katika kundi la walio hatarini kutoweka. Kwa chifu pigo hili ni la aina yake. Mkononi ana jina linalomtaka atoe, na kitu cha kwanza kabisa cha kutoa hakimo mtoni. Mafuta ya potlachi hutafutwa mbali, kwa watu wa mto Nass huko kaskazini, ambako samaki bado wanapanda.

 Kila masika wafanyakazi wa uvuvi wa Wanuxalk huingia mtoni wakati maji bado ni baridi ya kuumiza mifupa, wanapitisha nyavu laini kama chandarua, na wanahesabu mayai na vifaranga vya sputc vilivyonaswa, kwa mkono. Takwimu zinaandikwa, na wenye majina ya mto ule wanaletewa.